Ubavu wa Kushoto

Rula alikuwa mpima ardhi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuamini anachokiona kabla ya anachokitamani. Kwa hiyo daktari alipogeuza skrini kumwelekea, aliitazama ile picha ya tumbo lake kama anavyotazama kiwanja cha mtu: kwanza mipaka, kisha kilichojengwa ndani.

"Huu ni uti wa mgongo," daktari alisema, akielekeza kwa ncha ya kalamu. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. "Na hii ni figo yako ya kulia. Unaona ilivyo kubwa? Imezidi kawaida."

"Naiona."

"Sasa njoo upande huu."

Upande huu palikuwa na vivuli vya utumbo, na juu yake nafasi isiyokuwa na kitu. Rula alisogeza kiti mbele.

"Ya kushoto iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo vipi, daktari?"

"Haikuwahi kuwapo. Umezaliwa na moja. Hutokea, wala si ugonjwa. Ile moja hukua ikafanya kazi ya mbili, na wengi huzeeka na kufa bila kujua. Wewe umejua kwa sababu ulitaka kugawa."

Rula aliona kwamba kichekesho kilikuwa karibu, ila hakupata mahali pa kukishikia.

"Nimekuja kumpa mtu figo," alisema mwishowe, "kumbe mimi mwenyewe naishi kwa moja."

"Ndiyo hivyo, binti yangu. Na hiyo moja siigusi hata ukinilazimisha."

"Mchumba wangu yuko huko chini kwenye mashine ya kusafisha damu, dada yake amekaa naye. Utawaambiaje?"

"Nitawaambia hufai kutoa. Basi."

"Bila sababu?"

"Bila sababu. Unakumbuka tulivyokuhoji peke yako, mlango umefungwa? Kila anayejitolea tunamfanyia vile. Wengine humo ndani hutuambia wameghairi. Tukitoka tunasema hafai. Mwenye figo moja, mwenye sukari, mwenye hofu, wote kauli yao ni moja. Bila hivyo tungekuwa tunapasua watu waliokuja kwa kuogopa macho ya ndugu zao, na kitu kama hiki hakitolewi kwa kusukumwa." Alizima skrini. "Lakini habari za mwili wako ni zako. Ukitaka kuwaambia, waambie. Wakikataa kuamini, nipigie simu mbele yao nami nitathibitisha. Kinywa changu unakifungua wewe."

Rula alishukuru, akasimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni mkono ulimwenda wenyewe ubavuni, upande wa kushoto, kama mtu anayepapasa mfuko uliochomolewa kitu.

Nje ya hospitali, Kitinda alikuwa akimngoja kwenye lori. Ndiye aliyekuwa mdogo wa mwisho katika nyumba ya ndugu watatu. Wa kwanza alikuwa dada yao, aliyewalea wenzake baada ya wazazi kufa. Mtaa mzima ulimwita Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi miaka. Wa katikati ndiye Seremala, mchumba wa Rula, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa.

Kitinda alimvuta mkono akapanda. Alimtazama usoni mara moja, kisha akageuza macho barabarani.

"Wamesema hufai," alisema.

"Umejuaje?"

"Dada amenipigia simu sasa hivi. Daktari ameshateremka." Hakuwasha injini. "Shemeji, usijisumbue kunieleza. Mimi naijua hiyo 'hufai' yao."

"Unajua nini?"

Kitinda alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, lakini sasa alisema kama mtu aliye msikitini au kanisani. "Mimi pia walisema sifai. Mwaka jana. Nyumbani wanajua ni damu haikupatana. Damu ilipatana, shemeji. Walinifungia kwenye kile chumba, yule mama daktari akaniuliza kama nataka. Mara moja tu aliniuliza. Nikaanza kulia kama mtoto."

Rula aliuweka mkoba wake miguuni.

"Baba aliingia kupasuliwa ngiri," Kitinda aliendelea. "Ngiri tu. Akanipa viatu vyake nimshikie, akasema narudi sasa hivi. Nikaenda navyo nyumbani mkononi. Sasa mimi nikisikia neno kupasuliwa, naviona vile viatu. Nampenda kaka yangu. Ningempa hili lori, ningempa nyumba. Lakini kisu siwezi." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Hata mke wangu hajui. Nakuambia wewe kwa sababu sasa tuko wawili. Usijione mbaya. Na tusisemeane."

Ilikuwa rahisi kumsahihisha. Sentensi moja ingetosha: mimi sikukataa, mimi ninayo moja. Rula alifungua kinywa, akaona jinsi lile bega kubwa lilivyoshuka, kama la mtu aliyetua mzigo kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu. Alifumba kinywa.

"Tusisemeane," alisema. "Twende."

Njiani alimkumbuka mama yake, aliyepinga jambo hili tangu siku ya kwanza. "Umpe figo mtu ambaye hata hajakuoa," mama alikuwa amesema, akikunja nguo bila kumtazama. "Kesho akikuacha utakwenda kumshtaki akurudishie? Utasema nini mbele ya hakimu, naomba figo yangu?" Rula alikuwa amejibu kwamba anayetoa akitegemea kurudishiwa hajatoa, amekopesha. Mama akasema, "Haya, mwenye maneno." Jibu lile lilikuwa limempendeza sana Rula wakati ule. Sasa aliliona jepesi, kwa kuwa halikuwa limemgharimu kitu.

Alikuwa amempata Seremala kwa ugomvi. Jirani wa karakana alidai ukuta umeingia kwake, Rula akatumwa kupima, akakuta ni kweli: umeingia shibiri moja. Seremala alibisha. "Shibiri moja, dada yangu? Hata paka akilala hapo mkia unabaki nje." Rula alisema shibiri ni shibiri. Wiki iliyofuata alipigiwa simu aje ahakiki. Akakuta ukuta umebomolewa na kujengwa upya, na mwenyewe amesimama kando na vumbi la mbao kichwani. "Pima tena, Rula," alimwambia. Jina hilo la utani likamganda. Alipima, akakuta umekaa sawasawa, akapima tena bila sababu yoyote ila kutotaka kuondoka.

Ugonjwa ulikuja baadaye. Madaktari walimuunganishia Seremala mishipa ya mkono ili mashine ya kusafisha damu ipate njia, na pale walipounganisha palivimba, pakawa pananguruma daima. Rula alikuwa akilaza sikio kwenye mkono ule, akisikiliza ule mvumo, kama nyuki ndani ya chupa. Wengine waliuogopa. Yeye ndio uliomlaza usingizi mchana wa Jumapili.

Siku iliyofuata ile ya hospitali, Dada Mkubwa aliwaita sebuleni.

Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, lakini viti vyake bado vilikaa kama darasani, vyote vikimtazama yeye. Chai ilikuwa imemiminwa. Seremala alikaa karibu na dirisha, amekonda, kola ya shati ikimzunguka shingo kwa mbali. Kitinda alikaa kwenye kona na kikombe mkononi. Rula alipewa kiti cha katikati.

"Sitazunguka," Dada Mkubwa alisema. "Wifi yangu, jana daktari amesema hufai. Nikamuuliza kwa nini, akasema hana ruhusa. Nikamuuliza tena, akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Sasa nakuuliza wewe."

"Amesema sifai, Dada. Ndivyo ilivyo."

"Hilo nimelisikia. Nauliza sababu."

"Dada," Seremala alisema.

"Wewe nyamaza, bado nazungumza." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikwenda wa kwanza. Nikaambiwa nina sukari, nikarudi nikasema hapa hapa mbele ya kila mtu: nina sukari. Hakuna aibu. Sasa mtu mzima, mzima kama kengele, anayepanda milima na vyuma vya kupimia mabegani, anaambiwa hafai, halafu sababu ni siri. Siri ya nini?"

"Ya mwili wangu."

"Mwili wako." Dada Mkubwa alikiweka kikombe chini. "Nimesikia watu wanavyosema kuhusu hospitali ile. Kwamba mtu akiogopa, madaktari wanamfunika. Ni kweli au si kweli?"

Kwenye kona, kijiko kiligonga kikombe, kikagonga tena. Kitinda alikishika kwa mkono wa pili.

"Ni kweli," Rula alisema. "Na nadhani wanafanya vizuri."

"Vizuri? Huyu hapa anakufa, wewe unasema vizuri?"

"Dada, sijafa bado," Seremala alisema. "Hata chai yangu sijamaliza."

Hakuna aliyecheka. Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake, na kwa muda mfupi uso wake ukawa si wa mwalimu mkuu tena. Ulikuwa uso wa msichana aliyeachiwa watoto wawili akiwa mwenyewe bado mtoto, na ambaye sasa mmoja wao alikuwa akimponyoka. Rula aliuona uso ule, akashindwa kumchukia.

"Nipe kitu kimoja tu, wifi," Dada Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Sitaki kukuonea. Simu yako hiyo. Mpigie daktari, mpe ruhusa aniambie kwa kinywa chake. Akisema una tatizo, nitapiga magoti hapa nikuombe radhi, na harusi nitaisimamia mwenyewe."

Rula aliichukua simu. Namba ilikuwa juu kabisa. Kidole chake kilikuwa kimeshaifikia alipoona, bila kutafuta, jinsi jambo lile lingekwenda. Daktari angesema: figo moja. Dada Mkubwa angepiga magoti, maana alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kisha angeinuka, ajipanguse, na kwa kuwa hakuwa mjinga angegeuka kwenye kona aliko Kitinda. Na wewe? Damu haikupatana? Hebu mpigie nawe akuthibitishie, kama mwenzako alivyofanya. Mwenye sababu akishaonyesha sababu yake, asiyeonyesha amejulikana. Ule mlango ambao daktari alikuwa anaufunga kwa kila mtu ungekuwa umefunguliwa na yeye, kwa kidole kimoja, ili asafishe jina lake.

Aliinua macho. Kitinda hakuwa akimtazama kwa kusihi. Angemsihi, pengine ingekuwa rahisi kumkatalia. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Rula aliilaza simu mezani, kioo chini.

"Sitapiga, Dada."

"Hutapiga."

"Sitapiga. Nisamehe."

"Basi umeshanijibu." Dada Mkubwa alianza kukusanya vikombe, hata vile vyenye chai. "Sikulazimishi kutoa kiungo chako. Hiyo ni haki yako, nami si mshenzi. Lakini usije hapa kujiita mke. Mimi sitasimama kwenye harusi hiyo, binti."

Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwita wifi. Lile neno binti lilitua katikati ya meza pamoja na vikombe.

Seremala aliinuka kwa kushika dirisha. "Rula," alisema, "naweza kukuuliza kitu?"

Hili ndilo Rula alilokuwa akiliogopa. Mbele ya swali la Seremala hakuwa na ukuta wa kujifichia.

"Uliza."

"Ulikuja na koti?"

"Lipo kwenye msumari."

"Livae. Nje kuna upepo, na mimi nataka unisindikize karakana." Akamgeukia dada yake. "Dada, wewe umenilea, na nikifa utanizika vizuri, najua. Lakini mwili wa mtu mwingine usiukalie baraza. Hata kwa ajili yangu."

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache, lakini walikwenda polepole, Seremala akisimama kupumua. Ndani kulinuka mbao mbichi na gundi. Alikaa juu ya benchi ya kurandia, Rula akasimama mbele yake. Mkono wenye mishipa ile ulikuwa gotini, unanguruma.

"Nikuambie jambo la aibu?" Seremala alisema. "Jana daktari aliposema hufai, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu."

"Nafuu?"

"Nilishakubali kwa sababu nilitaka kuishi. Sikudanganyi, nataka sana kuishi. Lakini usiku nilikuwa nafikiri: siku tukigombana, nitajibu nini kwa mtu mwenye kovu langu ubavuni? Ungechelewa kurudi, ningeogopa kuuliza. Ungechoka nami, ungeona vibaya kuondoka, maana utakuwa unaiacha na figo yako. Tungeishi kwa adabu, Rula. Kwa adabu mpaka kufa. Mimi na wewe tulianza kwa kubishana."

"Kwa shibiri moja."

"Ambayo hata paka haimtoshi."

Alitabasamu, naye Rula akatabasamu, na macho yao yakakaa pamoja kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuukatisha. Alikuwa na macho mazuri bado. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya uzito na rangi, lakini hayo ulikuwa umeyaacha.

"Sasa utafanyaje?" Rula aliuliza.

"Nitasubiri kama wengine. Jina langu liko hospitali. Siku moja mtu atatoka nyumbani kwake asirudi, ndugu zake wataulizwa wakiwa bado wanalia, na pengine mmoja atasema ndiyo, mpeni mtu aishi. Siwezi hata kuliombea, maana nikiomba hilo naomba msiba wa mtu. Nasubiri tu. Na mimi nimewaachia ya kwangu. Figo hazifai, lakini macho wamesema yanafaa. Nikienda, kioo cha jicho langu atawekewa mtu."

"Usiseme hivyo."

"Si jambo baya. Mtu huyo ataona."

"Ataona, lakini hayo macho yamezoea vibaya," Rula alisema. "Yatakuwa yananitafuta mimi. Atapata shida na mkewe."

Seremala alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia alimshika vidole.

"Unaamini nilikataa?" Rula aliuliza. Hakukusudia kuuliza.

Seremala hakuwa mtu wa kujibu ili kupendeza, na hilo ndilo Rula alilompendea.

"Sijui," alisema. "Jana nilifikiri umekataa. Leo asubuhi nikafikiri hapana. Ulipoigeuza ile simu, nikafikiri umekataa tena. Ndipo nikajiuliza kama ningekupenda pungufu, nikaona ni kiasi kile kile. Basi nimeacha kupima. Kama uliogopa, uliogopa. Sitakuuliza, leo wala tukiwa wazee."

Ilimuuma Rula. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote ili kosa lisibaki kwenye ramani, na sasa kosa lilikuwa limekaa juu yake mwenyewe, mbele ya mtu mmoja ambaye alitaka amjue sawasawa. Angeweza kumnong'oneza. Lakini alimfahamu: angetunza siri yoyote isipokuwa ile inayomwacha mkewe akisingiziwa. Angerudi sebuleni hapo hapo, akishika kuta, kumtetea, na mpaka jioni Dada Mkubwa angekuwa ameshageuka kwenye kona. Labda siku moja Kitinda angesema mwenyewe. Labda asingesema. Ilikuwa yake kusema.

"Harusi itakuwa ndogo," alisema Rula. "Mama yangu atakuja, ila kwa kununa. Wa kwako sijui."

"Kitinda atakuja. Anakuheshimu sana yule, sijui umemfanyia nini." Alimvuta karibu mpaka paji lake likagusa tumbo la Rula, juu ya koti. Kisha mkono wake, ule unaonguruma, ukapita ndani ya koti na kutulia ubavuni, upande wa kushoto, ukapakumbatia kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Figo yako hii hapa," alisema kwa upole. "Ibaki palepale. Nitunzie."

Mvumo wa damu yake ulipita kwenye nguo ukamfikia ngozini. Rula alifumba macho. Palikuwa patupu pale, hapakuwahi kuwa na kitu tangu azaliwe, na joto la kiganja lilikuwa limepajaza pote. Akaweka mkono wake juu ya wa Seremala. Yeye aliyemvunjisha mtu ukuta kwa ajili ya shibiri moja, mkono ule hakuusogeza kwenda kulia.